Vyuo vya kale vya Aija na hatari ya saruji

Mwaka 1970 Oman ilikuwa na skuli tatu tu za kisasa. Kwingineko, ikiwemo Aija, ng'ambo ya hori ya Sur, watoto walisomeshwa Qurani chuoni.

Majengo ya zama hizo ni ya mawe na chokaa. Pwani hiyo dari zilishikiliwa na boriti za mikoko, zilizoletwa na majahazi kutoka Lamu na Rufiji.

Ukarabati wa pupa huyadhuru kuliko uzee. Chokaa hupitisha unyevunyevu wa bahari ukakauka nje, saruji huuzuia. Chumvi hubaki ukutani, ikiganda huyamega mawe, na lawama, ajabu, huangukia jengo. Mwenye kukinusuru chuo hana budi kuibandua saruji taratibu, kisha apige lipu ya chokaa upya, tabaka baada ya tabaka.