Kiingereza Kilichosita Njiani

Atokaye mjini Thika akaifuata barabara iendayo Garissa hata akaingia mtaa wa Landless hatakosa lugha za kusikiliza: atasikia Kikuyu na Kikamba penye vibanda vya mboga, Kiswahili baina ya fundi na mteja wake, Sheng kwa makanga na vijana wa bodaboda, bali Kiingereza, ambacho kimetapakaa katika mabango ya shule, ya makanisa na ya viwanja vinavyouzwa, aghalabu atakisoma zaidi ya kukisikia, maana watu hawakisemi kwa kitambo isipokuwa darasani, mimbarini, au pale mmoja wao anapotaka ijulikane ya kuwa ameghadhibika.

Nia yangu si kumzungumzia anayeanza kujifunza, wala msomi aliyekwisha kufuzu, bali huyu wa katikati ambaye mtaa kama huu umejaa wenzake. Amemaliza kidato cha nne, husoma gazeti akalielewa, hufuata habari za televisheni bila ya taabu, hujaza fomu ya kazi pasipo kuuliza mtu. Lakini akiitwa ajieleze kwa dakika tano mbele ya wenye kuajiri, au aandike ukurasa mmoja kwa maneno yake mwenyewe, ulimi humwia mzito na kalamu ikasimama. Baraza la Ulaya lilipotoa mwaka 2001 mizani yake ya kupimia lugha, yenye daraja sita tangu A1 hadi C2, hali hii iliangukia daraja mbili za kati, B1 na B2, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Aanzaye huiona faida ya kazi yake kila juma, kwani jana hakujua kuomba maji na leo ajua. Huyu wa kati aweza kujitaabisha mwaka mzima asione tofauti yoyote, hata akadhani akili yake ndiyo iliyogota.

Akili haina kosa. Sababu ya kwanza ni hesabu tu. Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno yapatayo 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza, na maneno ya jinsi hiyo, kwa kuwa hurudi katika kila ukurasa, mtu huyaokota shuleni hata asipoyatafuta. Lakini Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili msomaji ayafahamu maneno 98 katika kila 100 ya riwaya au gazeti, sharti azijue jamii za maneno zipatazo 8,000 au 9,000. Nayo haya ya nyongeza ni adimu, ukikutana na moja leo huenda usilione tena hata miezi ipite. Hayapatikani kwa kukariri orodha. Hupatikana kwa kusoma sana, vitabu vizima, tena kwa kupenda.

Hapa ndipo ninapotulaumu sisi wazazi, na walimu pamoja nasi. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, hupewa riwaya ya lazima, kama ilivyokuwa Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet na baadaye Fathers of Nations ya Paul Vitta. Kisha muuza vitabu akampa na mwongozo, wenye muhtasari wa kila sura, sifa za kila mhusika na majibu ya maswali yanayotazamiwa. Naye, kwa kuwa mtihani ndio kusudi, husoma mwongozo akaiacha riwaya. Alama huzipata, na pengine alama nzuri, ila amezitupa kurasa chungu nzima ambamo yale maneno adimu yalikuwamo, kila moja mahali pake.

Sababu ya pili imo katika lugha zetu wenyewe, wala si ya kuonea haya. Kiambishi -ni chatutosha kusema nyumbani, mezani, sokoni na safarini, ilhali Mwingereza kwa hayo manne atataka 'at home', 'on the table', 'in the market' na 'on a journey', asitoe hoja ya kuridhisha kwa nini safari ikaliwe juu kama meza. Kadhalika twasema "nimemwona jana" na hapana wa kutusahihisha, lakini 'I have seen him yesterday' Kiingereza hakiipokei kabisa, kwa kuwa wakati uliopita ukishatajwa kwa jina lake hautaki tena hiyo 'have'. Makosa ya namna hii hayamzuii mtu kueleweka, na hiyo ndiyo hatari yake: mwenye duka ameelewa, mteja ameelewa, mwalimu mwenyewe yamkini husema vivyo hivyo, basi kosa hukaa miaka ishirini. Larry Selinker, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1972, aliliona kama kugeuka jiwe.

Tena pana dhihaka. Kikuyu hakina sauti ya l, na aliyelelewa nacho huweza kuiweka r mahali pake; kijana akiteleza hivyo mbele ya wenzake huambiwa ameshrabu, yaani lugha ya mama imemponyoka katika matamshi, darasa zima likacheka, naye kuanzia siku hiyo akachagua kunyamaza. Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru katika kaunti hii hii ya Kiambu, alisimulia katika Decolonising the Mind, mwaka 1986, jinsi mwanafunzi aliyenaswa akisema Kikuyu shuleni alivyochapwa au kuvishwa kibao cha matusi shingoni. Kwa rai yangu, kicheko cha leo ni mtoto halali wa kibao kile, na vyote viwili havijamfundisha mtu Kiingereza hata kidogo.

Kilichobaki ni kuandika na kusema. Merrill Swain aliwachunguza watoto wa Kanada waliofundishwa masomo kwa Kifaransa miaka mingi, akaona wamekielewa vizuri mno lakini katika kusema na kuandika wamesalia nyuma, akahitimisha mwaka 1985 kwamba kusikia na kufahamu hakutoshi, ni lazima mtu asukumwe atoe lugha mwenyewe. Waulize wauguzi wanaotaka kwenda Uingereza. Wamesoma chuo kizima kwa Kiingereza, lakini kwa kawaida huombwa matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama IELTS. Na baraza la wauguzi la huko, ambalo hapo awali lilitaka alama 7 katika kila sehemu, mwaka 2018 liliteremsha kipimo cha kuandika hadi 6.5 na kuziacha kusoma, kusikiliza na kuzungumza palepale. Insha yenyewe ni ya maneno yasiyopungua 250, kwa dakika 40. Mtu wa Landless aweza kuyaandika hayo mezani pake kila Jumamosi, saa ikiwa mbele yake, akampa mwalimu jirani ayapigie mstari makosa ya aina moja tu, juma hili ya wakati, juma lijalo ya 'in' na 'on', kisha akaiandika insha ile ile upya kabla ya kugusa nyingine.