Seychelles: mti usiokatwa njo unaleta wageni

Kwenye mlango wa bonde la Vallée de Mai, katika kisiwa cha Praslin, mgeni analipa tiketi, anaonyeshwa njia ya kufuata, kisha anatembea polepole chini ya miti. Hakuna muziki, hakuna mnyama mkali wa kupiga picha. Bonde lenyewe ni dogo, karibu hekta 20 tu. Hata hivyo watu wanatoka mpaka Ulaya na Asia juu ya kuona ile miti. Wanafuata nini pale? Na feza yao inakwenda wapi?

Inchi ndogo, bahari kubwa

Seychelles ni inchi ya Afrika, iko katikati ya Bahari ya Hindi, mashariki ya Kenya na Tanzania. Ina visiwa 115, lakini ukikusanya udongo wake wote haufiki kilometa za mraba 500. Bahari yake, kumbe, inapita nusu ya ukubwa wa Kongo. Wakaaji wanazidi 100,000, na wengi wanaishi katika kisiwa cha Mahé, kwenye mji mkuu Victoria. Wanaongea Kikreoli, Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo Mkongomani anayesikia Kifaransa hapotei huko.

Zamani watu waliishi kwa kuuza nazi kavu, mdalasini na vanila. Mgeni alifika kwa meli tu. Mwaka wa 1971 uwanja wa ndege ulifunguliwa Mahé, na tangu hapo watalii wakawa shamba kubwa la inchi.

Mgeni anafanya nini kule?

Wengi wanaanza na soko la Victoria, penye samaki, matunda na viungo. Wenye nguvu ya miguu wanapanda njia za mlimani katika parki ya Morne Seychellois, mlima wa mita 905. Kisha kuna bato ya kwenda Praslin, safari ya karibu saa moja, na ingine ya dakika kama 15 mpaka La Digue. Huko La Digue magari ni machache, watu wengi wanatembea kwa kinga, mgeni naye anakodisha yake.

Pale La Digue kuna pwani ya Anse Source d'Argent, yenye mawe makubwa ya mviringo kando ya maji. Visiwa vingi vya bahari vilizaliwa na volkeno, sawa vile mawe meusi ya Goma yalivyotoka Nyiragongo. Lakini Mahé, Praslin na La Digue ni mawe ya granito, vipande vya bara la zamani vilivyobaki baharini wakati India na Madagascar zilipoachana. Wanaopenda kuzamia na kuangalia samaki wanachagua mwezi wa 4 na wa 5, ao wa 10 na wa 11, wakati upepo umetulia.

Mahé kuna pia pahali pa kunyamaza: mabomoko ya shule ya Venn's Town. Katika miaka ya 1870 ilipokea watoto wa watu waliokombolewa na meli za Waingereza kutoka mikononi mwa wauza watumwa. Biashara ile ilivuta watu toka ndani ya bara, na njia zake zilifika mpaka Maniema.

Nazi inayongojewa miaka 6

Turudi kwenye lile bonde la Praslin. Miti ya pale inaitwa koko ya bahari. Inaota yenyewe katika visiwa viwili tu duniani, Praslin na Curieuse. Mbegu yake ni kubwa kuliko ya mmea wowote. Inaweza kupita kilo 20. Tunda moja linangojewa miaka 6 ao 7 mpaka likomae. Zamani mabaharia waliokota nazi hizo zikielea majini, wakafikiri mti wake unaota chini ya bahari, na ziliuzwa kwa bei ya wafalme.

Bei ile ingeweza kuumaliza mti. Leo anayetaka kununua nazi hiyo sherti apewe karatasi ya ruhusa, bila hiyo inakamatwa. Wezi hawakukosa, lakini msitu uko wima, na tangu 1983 umeandikwa kati ya mali ya urithi wa dunia. Na tiketi ya Vallée de Mai haiishii pale. Sehemu yake inasaidia kulinda Aldabra, kisiwa kilicho zaidi ya kilometa 1,000 toka Mahé, penye kobe wakubwa zaidi ya 100,000. Watalii wachache sana wanafika Aldabra. Kobe wale wanalindwa na feza ya watu ambao hawatawaona.

Ndege wasiofika 30

Kisiwa kidogo cha Cousin kinaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Kilijazwa minazi ya biashara, miti ya asili ikakatwa, na ndege mmoja mdogo wa Seychelles akabaki pale peke yake. Mwaka wa 1968 hawakufika 30 duniani mote. Mwaka ule mashirika ya kulinda ndege yakanunua kisiwa. Minazi ikapunguzwa, msitu ukarudi, na baadaye ndege wengine wakahamishwa katika visiwa vingine. Leo wanahesabiwa kwa maelfu.

Mgeni anaruhusiwa kufika Cousin, lakini kwa masharti. Bato yake haigusi pwani. Walinzi wa kisiwa njo wanamchukua kwa bato yao, juu panya asiingie na kula mayai. Halali pale, na haondoki hata na ganda moja la konokono.

Yule aliyepoteza alilipwa nini?

Kulinda kuna bei, na mara nyingi maskini njo anailipa. Seychelles ilikutana na swali hilo juu ya ng'amba, aina ya kobe wa baharini. Gamba lake lilitengenezwa vitana na mapambo, na mafundi walilisha familia kwa kazi hiyo. Mwaka wa 1994 biashara hiyo ilikatazwa kabisa. Lakini serikali haikuwaambia mafundi waache tu. Ilinunua magamba waliyokuwa nayo na kuwapa malipo ya kuanza kazi ingine. Leo ng'amba wanapanda kutaga mchangani mchana, na watalii wanalipa kuja kuwaangalia.

Mkate mmoja

Si yote ni mazuri. Mwaka wa 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, na sehemu kubwa ya matumbawe yakafa. Chakula kingi kinatoka inje kwa meli, kwa hiyo maisha ni ghali. Halafu mwaka wa 2020, Korona ilipofunga safari za ndege, hoteli zilibaki tupu, na hata kazi ya kulinda msitu na kobe ikakosa feza ya tiketi. Anayeishi kwa mgeni peke yake analala njaa siku mgeni asipofika.

Wakaaji wa Idjwi na wa kandokando ya ziwa Kivu wanasikia mara nyingi kwamba utalii utaleta makuta. Seychelles inaonyesha inawezekana, lakini kule watu walijibu kwanza maswali matatu: kitu gani hakitakatwa, tiketi itarudi wapi, na yule anayeacha kazi yake ya zamani atapewa nini mkononi.