Uzi wa Shilingi 120 Ndani ya Waya wa Faiba

Fundi faiba anapomenya pachi kodi, ule waya mwembamba unaotoka kwenye kisanduku cha ukutani hadi kwenye ruta, kinachojitokeza kwanza ganda likishatoka ni kishungi cha nyuzi za njano. Glasi inayobeba mawasiliano imejificha katikati yake, na unene wake ni mikroni 125, yaani moja ya nane ya milimita. Kwenye maduka ya Kariakoo mteja huulizia urefu wa waya, aina ya kichwa na bei. Nyuzi za njano hakuna anayeziulizia, na wengi hudhani zimewekwa kujaza nafasi tu.

Nyuzi hizo ni za aramidi, uzi wa kiwandani. Tuzipigie hesabu. Chukua waya wenye nyuzi 4 za aramidi za kipimo kinachotumika sana viwandani, kila mmoja ukiwa na uzito wa gramu 161 kwa kilomita. Kwa pamoja ni gramu 644 kwa kilomita, au gramu 0.64 kwa mita. Waya wa mita 3 una aramidi isiyofika gramu 2. Bei ya jumla ya aramidi hucheza kati ya dola 20 na 30 kwa kilo. Tukishika dola 25, na dola tukiihesabu kwa shilingi 2,500, nyuzi zote za waya huo zimegharimu shilingi 120 hivi.

Kila mmoja wa nyuzi hizo hukatika ukivutwa kwa uzito wa kilo 33 hivi, kwa hiyo zote 4 zinastahimili kilo 130. Lakini nguvu ya kukatika si hoja kubwa hapa. Hoja ni kunyumbuka. Kiwandani, glasi ya faiba hujaribiwa kwa kuvutwa mpaka irefuke kwa asilimia 1. Ikishapita hapo haina dhamana tena, na fundi mwenye busara huiacha mbali sana na kiwango hicho. Sasa chukulia mtu amejikwaa kwenye waya, au fundi anauvuta kwenye bomba lenye kona kwa nguvu ya kilo 10. Ukiwa na aramidi, waya mzima utarefuka kwa asilimia 0.3. Weka nailoni ya uzito uleule mahali pa aramidi, waya utarefuka kwa asilimia 2.5 au karibu na hapo. Nailoni itarudi mahali pake ikiwa salama salimini. Glasi iliyo ndani yake huenda ikawa imekwisha kupata ufa, na mwenye duka atabaki akiizima na kuiwasha ruta yake.

Ndiyo maana kwenye kichwa cha waya nyuzi za njano hukunjwa kurudi nyuma, kisha hubanwa kwa pete ya chuma. Mkono ukivuta, nguvu yote inaishia kwenye uzi na kichwa. Glasi haiguswi. Waya wa chuma nao ungeweza kuzuia kunyumbuka, ila kwa uzito uleule ungerefuka karibu mara mbili ya aramidi, na tena unapitisha umeme. Kwenye nguzo za katikati ya jiji, ambako nyaya za simu, za intaneti na za umeme zimerundikana kwenye mti mmoja, uzi usiopitisha umeme una thamani ambayo haionekani kwenye risiti.

Nguvu ya aramidi inatoka wapi? Mwaka 1965 Stephanie Kwolek, mkemia wa kampuni ya DuPont huko Wilmington, Marekani, alikuwa akitafuta uzi mwepesi wa kuimarisha matairi. Alipata mchanganyiko mwepesi wenye ukungu, ilhali polima ikishayeyuka vizuri ilitazamiwa kuwa nzito na angavu. Fundi wa mashine ya kusokota alisita kuupitisha, akihofia utaziba matundu. Kwolek akashikilia msimamo wake, na uzi uliotoka haukukatika kama nyuzi za kawaida zilivyokuwa zikikatika. Ugunduzi huo ndio uliozaa aramidi inayouzwa kwa jina la Kevlar.

Ule ukungu ulikuwa na maana kubwa. Molekuli za nailoni hujikunja na kusokotana ovyo, lakini za aramidi zimenyooka na ni ngumu. Fikiria mianzi iliyotupwa mtoni. Ikiwa michache, kila mmoja huelea upande wake. Ikisongamana haina nafasi ya kukaa shaghalabaghala, hivyo hujipanga sambamba yenyewe. Kimiminika chenye molekuli zilizojipanga hivyo huitwa fuwele kimiminika, na familia yake pana ndiyo inayofanya kazi ndani ya skrini za LCD zinazouzwa mitaa hiyohiyo. Polima hiyo ikisukumwa kwenye tundu dogo, molekuli zote huelekea upande mmoja, na uzi ukiganda hubaki hivyo. Nguvu ya uzi ni ya mpangilio huo.

Mpangilio huo una gharama. Aramidi haiyeyuki kwa moto. Huungua kabla ya kuyeyuka, karibu nyuzi joto 500. Njia iliyobaki ni kuiyeyusha kwenye asidi ya salfuriki kali isiyo na maji, kwa uwiano wa sehemu 20 za polima kwa 80 za asidi, kwenye nyuzi joto 80. Maana yake, kila kilo moja ya uzi imepita ndani ya kilo 4 za asidi. Mchanganyiko hutoka kwenye matundu, hupita hewani kwa sentimita moja hivi, kisha huingia kwenye maji baridi. Asidi yote hiyo lazima ioshwe na kuzimuliwa, na mitambo yote iwe ya kuistahimili. Kinachobaki ni nyuzi zenye kipenyo cha mikroni 12, na 1,000 kati ya hizo hukusanywa kuwa uzi mmoja ule wa gramu 161. Kwa hiyo ndani ya waya wetu wa mita 3 kuna nyuzi 4,000, kila moja imezaliwa kwenye asidi.

Ndugu yake mmoja ameikwepa asidi. Vectran, ambayo kampuni ya Kuraray ya Japani imekuwa ikiizalisha tangu mwaka 1990, ni poliesta ambayo huwa fuwele kimiminika ikiyeyushwa kwa moto peke yake. Inasokotwa kama plastiki nyingine yoyote. Ila ikitoka mashineni bado ni dhaifu, na inabidi ipashwe moto kwa saa kadhaa, chini kidogo ya joto la kuyeyuka, mpaka minyororo ya molekuli iungane na kurefuka. Nguvu yake hupanda karibu mara tatu. Gharama imehama kutoka kwenye asidi kwenda kwenye muda. Faida yake ni kwamba hainywi maji, chini ya asilimia 0.1 ya uzito wake, na hailegei hata ikibeba mzigo kwa miaka. Mifuko ya hewa iliyokiangusha salama chombo cha anga cha Pathfinder kwenye sayari ya Mars tarehe 4 Julai 1997 ilishonwa kwa Vectran. Na plastiki za ukoo huohuo, zikiwa si nyuzi, zimo ndani ya simu zinazouzwa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo: sehemu nyembamba za soketi ya chaji mara nyingi hutengenezwa kwa polima hizi, kwa sababu hujaa kwenye kalibu nyembamba na hazilegei zinapopita kwenye tanuri la kulehemu.

Sasa swali la Mtanzania: kamba ya namna hii si ingetufaa kwa kila kitu? Hapa hesabu inarudi nyumbani, kwenye katani. Milimita moja ya mraba ya nyuzi za Kevlar hubeba karibu kilo 300 kabla ya kukatika. Waya mzuri wa chuma hubeba kama 200, na katani kama 50. Ukipima kwa uzito, pengo linapanuka zaidi. Uzi wa Kevlar ukining'inizwa wima ungefikia urefu wa kilomita 200 hivi kabla ya kukatwa na uzito wake wenyewe, zaidi ya safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro. Katani ingefika 35. Chuma, pamoja na sifa zake zote, kingekatika kwenye 26, kabla ya kufika Kibaha.

Lakini sokoni hatununui kilomita za kuning'iniza, tunanunua nguvu kwa shilingi. Ili nyuzi tupu zibebe tani moja bila akiba yoyote ya usalama, unahitaji gramu 28 za katani kwa kila mita, au gramu 5 za Kevlar. Katani ikiwa dola 1.7 kwa kilo, mita hiyo ni shilingi 120. Ya Kevlar ni shilingi 300. Anayefunga marobota ya mitumba au gunia la viazi pale Kariakoo ana haki kabisa ya kushika katani au kamba ya plastiki. Kilo 5 au kilo 30 za kamba kwenye mzigo wa lori hazimpunguzii wala kumwongezea kitu.

Nchi yetu inaijua vizuri biashara ya nyuzi. Miche 62 ya katani iliyopona kati ya 1,000 aliyoagiza mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893 ilizaa mashamba yaliyofikisha takribani tani 230,000 mwaka 1964. Kevlar, aramidi nyingine iitwayo Twaron, na jamaa zao wote wa ukoo huo hawafikishi kiasi hicho kwa mwaka duniani kote hata leo. Kilichoiangusha katani yetu ni plastiki ya bei ndogo, polipropilini, iliyochukua soko la kamba za mavuno. Uzi wa ajabu wa aramidi haukuhusika. Kinachowatisha wakulima wa katani mpaka sasa ni kilekile: uzi unaotosha kwa bei ya chini.

Je, kuutengeneza uzi wa aramidi hapa? Mwaka 2011 DuPont ilifungua kiwanda kipya cha Kevlar karibu na Charleston, Carolina Kusini, kwa dola milioni 500. Kwa kiwango chetu cha hesabu hiyo ni shilingi trilioni 1.25. Na tuseme tumejenga kiwanda cha wastani cha tani 5,000 kwa mwaka. Kwa gramu 0.64 kwa mita, uzalishaji wa mwaka mmoja ungetosha waya wa kilomita milioni 7.8. Awamu mbili za kwanza za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano zilikuwa na kilomita 7,560. Soko letu, hata la Afrika Mashariki nzima, haliwezi kumeza uzi huo. Faida yetu iko hatua moja mbele, kwenye kutengeneza waya wenyewe. Mkuranga, mkoani Pwani, tayari kuna kiwanda cha nyaya za faiba. Uzi utatoka ng'ambo kwenye roli, na kila kilomita 1,000 za waya mwembamba zitahitaji kilo 644 tu, za shilingi milioni 40. Huo ni mzigo wa gari dogo.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipopata hitilafu huko kusini, mbali na pwani yetu, nchi nzima ilijua ndani ya dakika chache. Kule chini ya bahari ulinzi hutegemea zaidi chuma. Ila faiba inayopasuka ndani ya bomba la ghorofa kwa sababu ya uzi dhaifu haitangazwi. Ni duka moja linaloshindwa kupokea malipo, na fundi mmoja anayepanda ngazi.

Kishawishi cha kuweka uzi duni nacho kina namba yake. Poliesta ya kawaida ni kama dola 2 kwa kilo. Mtengenezaji akiiweka mahali pa aramidi, kwa kila kilomita anabakiza shilingi 37,000, na kwa kontena la kilomita 500 anabakiza shilingi milioni 18.5. Hata rangi ya njano inaweza kuigwa. Wapo wanaotumia nyuzi za glasi kwa nia njema na kuziandika wazi, na kwa kazi fulani zinafaa. Tatizo ni uzi usiotajwa. Fundi anaweza kuutambua kwa kiberiti cha gesi: poliesta huyeyuka karibu nyuzi joto 255 na kujikunja kuwa tone gumu, aramidi huwa nyeusi bila kuchuruzika na moto ukiondolewa huzimika. Mkasi nao unasema. Wa kawaida huitafuna aramidi bila kuikata, ndiyo sababu mafundi hubeba mkasi maalumu kwenye mkoba.

Lakini jukumu hili si la kiberiti cha fundi aliyekwisha kununua mzigo. Mwagizaji anapoandika oda yake, aongeze mstari mmoja: aina ya uzi, idadi ya nyuzi, na gramu kwa kilomita. Namba hizo 3 zikichapwa kwenye lebo ya roli, mtu yeyote mwenye mzani wa dhahabu anaweza kukata mita moja, kuzitoa nyuzi na kuzipima. Zikiwa chini ya gramu 0.64 wakati lebo inadai gramu 644 kwa kilomita, ana haki ya kurudisha roli.