Umeiuliza Prosesa Kabla ya Kumlaumu Muuzaji?

JINA jema hungara gizani, walinena wazee wetu. Je, jina hilo likiwa limechapwa mgongoni mwa kipande kisichofika upana wa vidole vitatu, nacho chauzwa kwa maelfu ya shilingi, mnunuzi atajuaje kwamba ni jina la kweli?

Kipande hicho ni prosesa, ndiyo akili ya kompyuta. Siku hizi vijana wengi wa mwambao hawanunui kompyuta mpya. Huitoa prosesa ya zamani wakatia yenye nguvu zaidi. Ni jambo la busara, maana huepusha israfu. Walakini, fitina yaweza kuzuka hapo hapo.

Kijana mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alikuwa na kompyuta yenye Ryzen 3 1200, prosesa iliyotoka mwaka 2017. Akanunua Ryzen 5 5600 iliyokwisha tumika, toleo la mwaka 2022, ambayo hukaa katika tundu lile lile liitwalo AM4. Akaitia, akawasha. Feni zikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi. Kijana akatoka mbio hadi dukani, akamwita muuzaji mwizi mbele ya watu. Muuzaji, mtu mzima mwenye wajukuu, hakujibu kitu.

Kutoka hapo kijana akaenda kwa fundi.

"Ami, nimeibiwa," akasema.

"Umeiuliza bodi kama yamjua huyu mgeni?" fundi akamjibu.

Bodi kuu ya kompyuta ina programu yake ndogo, baiosi, ambayo huamka kabla ya kitu kingine chochote. Baiosi ni kama bawabu: prosesa asiyoijua haifungulii mlango. Bodi iliyoundwa kabla ya prosesa haijatoka yaweza kabisa kutoitambua, ijapokuwa tundu ni moja. Mwaka 2018 kampuni ya AMD yenyewe iliwaazima prosesa za zamani wanunuzi waliokwama hivyo, ili wapate kuwasha bodi zao na kutia baiosi mpya.

Fundi akairudisha prosesa ya zamani. Akachukua baiosi mpya kutoka kwa waundaji wa bodi ile ile, akaitia kwa flashi, akaonya umeme usizimwe mpaka kazi iishe. Kisha akatoa ya zamani na kuipangusa feni dawa iliyokauka. Akailaza mpya akilinganisha pembetatu ya dhahabu iliyo pembeni mwake na alama ya tundu, bila kuikandamiza, kwa kuwa ina sindano 1,331 na moja ikipinda ni hasara. Akapaka dawa mpya ya kupitisha joto, akafunga feni, akawasha. Kioo kikawaka.

Hata hivyo, kuwaka si mwisho wa kazi. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha utazame sehemu ya utendaji. Ryzen 5 5600 sharti ijitaje kwa jina lake, ioneshe viini 6, nyuzi 12 na kasi ya msingi ya 3.5 GHz. Kasi ya wakati ule ikipanda na kushuka usishtuke, maana prosesa hupumzika isipokuwa na kazi. Lakini viini vikipungua, hapo pana neno la kuuliza.

Miaka ya 1990 walikuwako matapeli waliofuta maandishi mgongoni mwa prosesa wakachapa kasi kubwa kuliko ya kweli. Lakini prosesa za 486 za mwisho, na Pentium ya mwaka 1993, zilikuja na amri iitwayo CPUID, ambayo kwayo programu huiuliza prosesa nayo ikajieleza yenyewe. Maandishi ya nje hufutika. Jibu la ndani ni gumu kulighushi.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Twajua jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea mwenye mali. Sheria nayo imempa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa. Lakini Qur'ani hiyo hiyo, katika Suratul Hujurat, yatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta.

Kijana alirudi dukani akaomba radhi, naye muuzaji akamsamehe. Ila wale waliosikia neno "mwizi" asubuhi hawakuwapo wote jioni. Ndugu msomaji, maji yakimwagika hayazoleki. Tia mkono ndani ya chungu kwanza, ndipo useme.