Wati za Kweli katika Kompyuta ya Michezo

Umeme ufikao majumbani Mchikichini, Dar es Salaam, ni wa mkondo geu wa volti 230. Kompyuta haiwezi kuutumia hivyo ulivyo. Kisanduku kiitwacho pawa saplai huugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3.

Chukua mfano wa kompyuta ya michezo ambayo kadi yake ya picha hutumia wati 200, prosesa wati 125, na sehemu nyinginezo wati 75. Jumla ni wati 400. Kwa kuwa kadi ya picha huweza kuvuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi sana, yafaa kuongeza theluthi moja hivi. Pawa saplai ya wati 550 itatosha.

Lakini mnunuzi aendaye maduka ya Kariakoo asitosheke na tarakimu kubwa iliyoandikwa ubavuni. Kadi na prosesa hulishwa na njia ya volti 12, nayo ndiyo ya kukaguliwa. Wati ni zao la volti na ampea. Kibandiko kikionyesha ampea 45, njia hiyo hutoa wati 540. Kikionyesha ampea 20, hutoa wati 240 tu, hata kama pameandikwa 550. Ilhali kadi na prosesa pekee zahitaji 325. Kompyuta hiyo itazimika katikati ya mchezo, na pawa saplai isiyo na kinga huweza kuungua na kuharibu vifaa vingine.

Hivyo kuzidisha kule kule kufundishwako darasani huokoa fedha dukani.