Je, Wajua? Pikipiki Kongwe Imesamehewa, Pacha Wake Mpya Lazima Akaguliwe

Nchini Uingereza, Triumph Bonneville ya mwaka 1969 hailazimiki kukaguliwa kila mwaka. Imevuka miaka 40, na sheria inaisamehe mradi haijafanyiwa mabadiliko makubwa. Bonneville ya kisasa, iliyoundwa ifanane nayo, hukaguliwa kila mwaka ikishatimiza miaka mitatu.

Ukaguzi huo, MOT, ni hazina kwa mnunuzi wa pikipiki iliyotumika. Ingiza namba ya usajili kwenye tovuti ya serikali, bila malipo, uone ilifaulu lini, ilifeli kwa nini, na maili zilizosomwa kila mara. Mwaka jana 14,000, mwaka huu 9,000? Huenda saa ya maili imebadilishwa au imechezewa. Mbane muuzaji hapo hapo. Soma na maonyo madogo. Cheni iliyochakaa ikitajwa miaka miwili mfululizo, mwenye pikipiki si mtunzaji.

Ila MOT haikagui hali ya injini, klachi wala giaboksi.

Macho nayo hudanganyika. Tangu 2008, Bonneville nyingi zina mfumo wa kielektroniki wa kuingiza mafuta uliofichwa ndani ya umbo la kabureta. Bonneville T120 ya 2016 ina mapezi ya injini ya kupozwa kwa hewa, kumbe inapozwa kwa maji: rejeta nyembamba imejibanza mbele ya injini. Na jina T100 limewahi kubeba injini ya cc 865 ya hewa na ya cc 900 ya maji. Uliza mwaka kabla hujauliza bei.