Gunia la Nyandarua, Viatu vya Instagram: Biashara ya Mizigo ya Wanafunzi Eastlands

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya aliyepanga chumba Umoja au Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kwa kawaida hana sanduku la posta, na jengo analoishi mara nyingi halina namba ambayo mgeni angeweza kuifuata. Mizigo humfikia hata hivyo: gunia la viazi kutoka Nyandarua, mkungu wa ndizi kutoka Kisii, viatu alivyovipenda Instagram, chaja aliyoagiza Jumia. Kati ya mtumaji na mwanafunzi huyo kuna biashara yenye mikono mingi, na wanaoimudu zaidi ni wale ambao riziki yao kuu haitokani na vifurushi.

Wakongwe ni mabasi na matatu. Easy Coach, ENA Coach, Mololine na 2NK hupokea mizigo sambamba na abiria. Mzazi huandika jina na namba ya simu ya mpokeaji juu ya gunia kwa kalamu nene, hulipa, hupewa risiti, kisha humtumia mwanawe namba ya gari. Kwa matatu zisizo na ofisi, mapatano ni baina ya mzazi na makanga, na malipo yanaweza kungoja hadi Nairobi. Hesabu ya mwenye basi ni nyepesi, maana gari litasafiri tu, mzigo uwepo usiwepo. Abiria wameshalipia dizeli na dereva, kwa hiyo anachopata kwa gunia karibu chote ni ziada.

Shida huanza gunia likishashuka. Kutoka kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi, pale Barabara ya Landhies, hadi Kayole, bodaboda au kiti cha pili ndani ya matatu kinaweza kula pesa za kutosha kumfanya mwanafunzi ajiulize kama hangenunua viazi hivyo sokoni. Mwenye kipindi cha asubuhi huchelewa, na ofisi nyingine hutoza ada ya kuhifadhi. Maziwa, bila shaka, hayamngoji mhadhiri amalize.

Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, pesa nazo zilisafiri hivyo hivyo, katika bahasha aliyokabidhiwa dereva. Simu ilizitoa pesa garini lakini chakula kikabaki. Tangu vyuo vya umma vilipoanza kumtoza mwanafunzi kwa kila sahani, katika miaka ya 1990, unga na maharagwe ya ushago yamekuwa sehemu ya bajeti ya muhula.

Mitaa yenyewe haifanani. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, ina koti (vikundi vya nyumba) na namba za nyumba. Mwendesha bodaboda akitajiwa awamu na namba, anafika. Umoja ilianza na nyumba ndogo zilizojengwa kwa ufadhili wa Marekani, kisha ghorofa zikajaa, hasa Innercore, na anwani ikawa masimulizi: shuka Mutindwa, pita kinyozi, lango jeusi, ghorofa ya nne. Kila simu ya kuuliza njia humpotezea mpeleka mizigo safari nyingine.

Kampuni ya Pickup Mtaani ililikwepa tatizo hilo kwa kulifanya duka kuwa anwani. Muuzaji huacha kifurushi kwa wakala mmoja, kampuni hukihamishia duka lililo karibu na mnunuzi, naye hupata ujumbe wa simu na kukipitia akitoka darasani. Mwenye duka hakodi nafasi mpya wala kuajiri mtu, na aliyefuata kifurushi huenda akaondoka na mkate pia. Jumia na Kilimall nazo zina vituo vya kuchukulia bidhaa. Wanafunzi wenyewe wameingia upande wa pili wa kaunta: wananunua mitumba Gikomba au nguo mpya Eastleigh, wanaipiga picha, wanaiuza mtandaoni.

Waliotegemea kupeleka bidhaa kama riziki yao kuu wameumia. Sendy, iliyoanza kwa kuwaunganisha wateja na waendesha pikipiki, ilifunga shughuli mwaka 2023 licha ya kuchangiwa mamilioni ya dola. Copia, kampuni ya kuuza bidhaa kwa kuagizwa, iliwatumia wenye maduka kama mawakala, lakini maghala, magari na bidhaa zilikuwa juu yake. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi. Kifurushi cha mwanafunzi hakina faida ya kulipia gari lake pekee.

Udhaifu uliobaki ni wa dhamana. Kisheria, anayesafirisha vifurushi kwa malipo anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, lakini makanga anayepokea gunia mlangoni mwa matatu mara nyingi hana leseni hiyo wala risiti. Viazi vikipotea, familia hununa na kusamehe. Anayemtumia mwanawe laptopu aipeleke ofisini, ataje thamani yake, adai risiti, na asome masharti ya fidia kabla ya kulipa.